Vipira Vitatu

Zile namba 3 zote zilizojaa kwenye karatasi niliziandika mimi, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Nalisema hili mapema ili asilaumiwe mtu mwingine kabla yangu. Wengine nao wana sehemu yao, na kila mmoja aliichukua mwenyewe bila kusukumwa, lakini mkono ulioandika ni huu.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Refa. Kwa wajukuu ni Babu Refa. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala la mbao, na mwisho wa wiki alichezesha mpira, miaka thelathini na mmoja. Filimbi yake bado inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa chumba chetu. Mwaka huu walimkuta na uvimbe kwenye pafu la kulia, wakamfungua ubavuni, wakauondoa pamoja na kipande cha pafu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu walitoa bomba la kutolea maji kifuani, na siku ya tano wakasema aende nyumbani.

Daktari aliyesema hivyo alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo si wote hulifanya, akatueleza taratibu kwamba siku hizi mgonjwa wa kifua hawekwi wodini muda mrefu kama zamani. Nyumbani mtu hutembea zaidi, hula vizuri zaidi, na hakutani na vijidudu vya wodi. Na ni kweli pia kwamba vitanda vilikuwa vimejaa, hilo hakulificha.

"Ila kazi yote sasa iko nyumbani," akasema. "Wiki mbili hizi ndizo za hatari. Asipopanua mapafu, makohozi yanajikusanya huko chini, homa inapanda, tunarudishiwa mtu akiwa na hali mbaya kuliko alivyoondoka."

Aliyasema hayo akinitazama mimi, si mgonjwa. Nadhani alishajua nani atafanya hiyo kazi.

Tulipewa mto mdogo wa kukumbatia kifuani wakati wa kukohoa, ili mshono usichanike wala kuuma sana. Tulipewa karatasi ya kurasa kadhaa, za nyuma zikiwa za kuandikia vipimo na ya mbele ikiwa na visanduku vya rangi: kijani maana yake endelea, njano maana yake piga simu, nyekundu maana yake njoo sasa hivi, usisubiri. Refa aliishika ile karatasi akacheka mpaka akashika ubavu.

"Nimewaonyesha watu kadi maisha yangu yote," akasema. "Leo na mimi nimeletewa zangu."

Halafu kulikuwa na kidude cha pumzi. Ni kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye vyumba vitatu virefu, na kila chumba kina kipira chepesi ndani yake. Kina mrija mnene wenye mdomo wa kuweka kinywani. Kila saa moja, mgonjwa akiwa macho, afanye mara kumi, mpaka vipira vipande juu. Muuguzi alimwonyesha siku ya tatu asubuhi. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, kwa hiyo nilichokijua kuhusu kidude nilikijua kwa Refa.

Tulipokuwa kwenye benchi tukisubiri gari, mzigo wetu miguuni, Refa alinishika kiganja. Hana tabia ya kushikana mikono hadharani.

"Mama watoto, niahidi kitu."

"Sema."

"Usinirudishe humu."

Nilijua anamfikiria nani. Kitanda cha pili kutoka kwake alilala fundi viatu, mtu wa masihara, aliyekatwa pafu wiki moja kabla yake. Aliruhusiwa Jumatatu akipunga mkono kama mbunge. Alhamisi alirudishwa, na Jumamosi walivuta pazia kuzunguka kitanda chake. Refa aliyasikia yote kutoka upande wa pili wa pazia lile.

"Wanaotoka hupona," akasema. "Wanaorudi hawatoki. Niahidi."

Nilikuwa nimechoka. Siku tano nilikuwa nimelala kwenye kiti, na yeye alikuwa amekonda shingo kama mtoto. Nikasema, "Nakuahidi." Nikaongeza na jina la Mungu.

*

Nyumbani nilimpangia kiti cha mkono karibu na dirisha la barabarani, kwa kuwa hakutakiwa kulala chali. Binti yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu mji mwingine, alikaa nasi siku mbili, akanunua kipimajoto, akafua kila kitu kilichofulika, akarudi kwa wanafunzi wake huku akilia kwenye ngazi akidhani simwoni. Tukabaki wawili.

Sikujua kwamba kumuuguza mtu ni kuhesabu. Asubuhi joto, mchana joto, jioni joto. Pumzi zake nilizihesabu kwa saa yake ya mpira, ile ya kusimamisha, nikitazama shati linavyopanda na kushuka dakika nzima.

"Usiongeze dakika za majeruhi," alikuwa akiniambia.

"Nyamaza, umenivuruga. Naanza upya."

Na kila saa, kidude. Alikipindua juu chini, akaweka mrija mdomoni, akapuliza. Vipira vyote vitatu viliruka vikagonga, tak, vikabaki vinacheza hewani. Ilikuwa raha kuvitazama. Mtu aliyepuliza filimbi miaka yote hiyo, hata pafu likikatwa, pumzi ya kupuliza haimwishi. Nami nikaandika 3. Nikaandika 3 nyingine. Ukurasa wa kwanza ukajaa tatu, wima, safi, nikajisikia kama mtoto aliyepata vema zote.

Muuguzi wa wodi, yule yule aliyemwonyesha kidude, alitupigia kila siku saa nne asubuhi. Ni utaratibu wao kwa wanaoruhusiwa mapema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea huku anazungumza, nyuma yake vikombe vinagongana na watu wanaita. Lakini hakuwahi kukata simu kabla ya kuniuliza, "Na wewe mama, umekula?" Sijui kama hilo liko kwenye utaratibu wao. Nadhani aliliongeza mwenyewe.

"Joto?"

"Thelathini na sita na nukta nane."

"Pumzi?"

"Kumi na nane."

"Vipira?"

"Vitatu, sista. Kila mara vitatu."

"Hongereni sana. Mzee ana mapafu ya chuma huyo."

Nilipompa Refa salamu hizo alivuta blanketi akatazama barabarani. Nilidhani ni unyenyekevu.

Siku ya nne nyumbani pumzi zilikuwa ishirini na mbili. Nikasema labda nimehesabu vibaya. Siku ya tano joto lilikuwa thelathini na saba na nukta tano. Hiyo bado ni kijani, ila iko ukingoni kabisa. Alikataa kutembea hadi getini. Kila Jumamosi mchana yeye husikiliza mpira redioni akimkosoa mwamuzi, na siku hiyo mwamuzi alitoa penalti ya ajabu, Refa akakaa kimya. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kile kimya nikaacha kuosha sufuria. Nikasubiri aseme, "Huyo naye kasomea wapi?" Hakusema.

Nikajiambia amechoka, kama mimi nilivyochoka. Magoti yangu yalikuwa yamevimba, na nilikuwa nimeanza kusinzia nikiwa nimesimama. Mtu aliyechoka huona uchovu wake kila mahali.

*

Jumapili muuguzi alipiga simu kama kawaida.

"Joto?"

"Thelathini na nane na moja."

Vikombe viliendelea kugongana nyuma yake, lakini hatua zake zilisimama.

"Pumzi?"

"Ishirini na saba. Nimehesabu mara mbili."

"Vipira?"

"Vitatu."

"Vitatu?" Akafikiri. "Mama, mtu anayepumua ishirini na saba hawezi kunipandishia vipira vitatu. Yuko hapo? Hebu mpe kidude, uniwekee simu karibu nisikie."

Nikamwekea simu karibu. Refa akanitazama, kisha akatazama kidude mapajani mwake. Akakipindua. Akapuliza, na viwili tu ndivyo vilivyopanda, na vikaanguka haraka.

"Mama," muuguzi akasema. "Anapuliza?"

"Ndiyo. Kama ulivyomwonyesha."

"Kakipindua chini juu?"

"Ndiyo, sista."

 Alisema polepole sana, kama anayebeba kitu kilichojaa.

"Mama, kile si cha kupuliza. Kinasimama wima, na hewa inavutwa kuja ndani, taratibu, kama anavuta maji kwa mrija. Kuvuta ndiko kunakofungua pafu. Kupuliza kunalibana. Mwambie ajaribu hivyo, mara moja tu."

Nikakisimamisha wima. Refa akavuta. Kipira cha kwanza kilitikisika kikapanda hadi nusu, kikaanguka, na yeye akashikwa na kikohozi kirefu. Nikamwekea mto kifuani nikamshika mabega. Alipomaliza, midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Nikatazama kile kisanduku chekundu kwenye karatasi. Rangi ya midomo ilikuwa mstari wa pili.

"Nimesikia," muuguzi akasema kwenye simu. "Mlete sasa hivi, mama. Nitawasubiri mlangoni. Leo zamu yangu inaisha saa tano, lakini nitawasubiri."

Nikaweka simu chini.

"Uliahidi," Refa akasema.

"Niliahidi."

"Kwa jina... la Mungu."

"Najua nilivyosema."

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, magoti yetu yakagusana. Nikamuuliza, maana nilikuwa nimeona alivyonitazama kabla ya kukipindua. "Ulijua?"

 Maneno yalikuja kwa vipande.

"Alinionyesha... kuvuta. Akaitwa. Nikajaribu peke yangu, kikapanda kimoja, kikaniuma... huku. Nikakigeuza tu. Kuchezea. Nikapuliza, vyote vikapanda. Siku ya pili yake daktari akapita... akaona vitatu juu. Akasema safi, mzee, utakwenda nyumbani."

"Na wewe hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Wewe," nikasema. "Wewe uliyemfukuza mdogo wangu uwanjani kwa goli la mkono, siku tatu kabla ya harusi yetu, familia nzima ikakataa kula na wewe."

Alitaka kucheka, ikatoka pumzi tupu. "Nilidhani... ni mamoja. Mwanzoni. Kisha nikaogopa kuuliza." Akalionyesha pazia la dirisha kwa kidole, pazia letu la kawaida la maua. "Mama watoto. Wanaorudi..."

Hakumaliza. Si kwamba alibadili mawazo, pumzi ilimwishia.

Nimeishi naye miaka arobaini na nne, na sijawahi kuvunja neno nililompa, hata dogo, na yeye ananijua hivyo. Ndiyo maana aliniahidisha mimi, hakumwahidisha binti yake. Nilikaa pale kwenye kigoda nikihisi uchovu wangu wote, na nitasema ukweli, kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka kumtii tu, nikae, tusubiri joto lishuke kwa kitambaa cha maji, nisianze safari, ngazi, foleni, kiti kile tena. Ni rahisi kuita uchovu utiifu.

Nikaichukua ile karatasi. Nikaikunja hadi kikabaki kisanduku chekundu peke yake. Nikasimama, nikanyoosha mgongo, nikainyanyua juu ya kichwa changu kwa mkono wa kulia, mkono umenyooka, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Aliitazama muda mrefu. Barabarani mtu alikuwa anafagia.

"Bila hata... ya njano?" akasema.

"Ya njano ilikuwa jana, kwenye penalti ile. Nilichelewa kuitoa."

"Nakata rufaa."

"Utakata ukishapona. Ukipona utakuwa na pumzi za kunilaumu mpaka uchoke, nami nitakaa nikusikilize, neno kwa neno. Niliahidi na nimevunja. Inuka."

Siku zote alikuwa akisema mchezaji anayebishana na nyekundu anawapotezea wenzake muda. Akaweka mikono kwenye kiti. Akainuka.

*

Jirani wa chini huendesha gari la kusambaza mikate. Nilimgongea akiwa amevaa nguo za kupumzikia, na sikumaliza sentensi. Alishusha kreti zote tupu barabarani, akampandisha Refa kiti cha mbele, mimi akanikalisha nyuma juu ya gunia alilolikunja mara nne kwa ajili ya magoti yangu. Kila palipokuwa na tuta alipunguza mwendo mpaka walio nyuma wakapiga honi, naye akawapungia mkono kwa adabu. Gari lote lilinukia mkate. 

Muuguzi alikuwa mlangoni na kiti cha magurudumu, tayari amevaa nguo za nyumbani. Hakutugombeza. Aliinama akamwambia Refa sikioni, "Nilikuacha katikati, baba. Niliitwa kitanda cha nane, sikurudi kukuona ukifanya mwenyewe. Nisamehe." Refa akampapasa mkono.

Wodi ilikuwa ile ile, ila muuguzi alisimama akazungumza na wenzake, nikaona wanasogeza mgonjwa mwingine, na Refa akalazwa upande wa pili kabisa, mbali na kile kitanda cha fundi viatu. Hakumwambia mtu sababu. Na mimi sikuwahi kumweleza. Alikumbuka tu.

Picha ya kifua ilionyesha sehemu ya chini ya pafu imejifunga na kuingia maambukizi. Daktari kijana alikuja, macho yake mekundu vile vile, akakaa ukingoni.

"Mngekuja kesho kutwa ningezungumza nanyi maneno mengine," akasema. "Leo nina dawa." Kisha akashika kile kidude akakigeuza mikononi. "Mimi niliviona vipira, mzee, sikuutazama mdomo. Hilo ni langu."

Refa hakujibu. Alikuwa na hewa puani na sindano mkononi. Kwangu pia hakusema neno, siku hiyo na karibu siku yote iliyofuata. Nilikaa kwenye kile kiti nikamkanda miguu. Alipogeuka ukutani nikaendelea kumkanda. Nilikuwa nimemwambia nitasikiliza lawama, na kimya kilikuwa ndiyo lawama, basi nikakisikiliza.

Siku ya pili jioni niliitoa ile karatasi mkobani. Nikachukua kalamu nikakata zile 3 zote, moja moja, ukurasa wa kwanza na wa pili. Zilikuwa nyingi. Mkono uliuma. Sikutaka mtu baadaye aziangalie akadhani zilikuwa kweli. Nilipoinua macho nilimkuta Refa ananitazama.

"Umekata na ya Ijumaa?" akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini sentensi ilikwenda hadi mwisho.

"Nimekata zote."

"Ijumaa nilipuliza vizuri sana."

"Refa."

Siku ya tatu joto lilishuka. Siku ya tano mtaalamu wa mazoezi ya kifua alimkalisha wima, akasimama mbele yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuitikia hata alipoitwa. Akarudia hivyo siku tatu. Kule kwenye kitanda cha fundi viatu alikuwa amelala mtu mwingine, baba wa makamo, na siku ya tatu ya mazoezi hayo, asubuhi, aliruhusiwa. Kumbe na yeye alikuwa amerudishwa, mara ya pili. Alitembea kwa miguu yake hadi mlangoni, begi begani. Refa alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa, kisha akamuuliza muuguzi, kama anayeuliza saa, "Yule alikuwa wa kurudi?"

"Wa kurudi, baba."

 Alinyoosha mkono akaomba kidude.

Nikampa. Akakisimamisha wima mwenyewe, akakumbatia mto kwa mkono wa pili, akaweka mrija mdomoni. Akavuta. Niliona maumivu yanapita usoni. Kipira cha kwanza kikapanda, taratibu, kikafika juu, kikakaa. Cha pili kikatikisika, kikanyanyuka kidogo, kikarudi. Cha tatu hakikujisumbua.

Akashusha mrija, akapumzika, akanionyesha karatasi kwa kidevu.

"Andika moja na nusu."

"Hakuna nusu kwenye karatasi hii."

"Cha pili kilivuka mstari. Nimeona."

"Na mimi nimeona. Hakikuvuka."

Alinitazama, mimi niliyevunja ahadi, kwa yale macho ya uwanjani ambayo hayakuwahi kukubali kubembelezwa. Kisha akaegemea mito yake.

"Basi moja," akasema.

Nikageuza ukurasa, palipokuwa hapajaandikwa kitu, nikaandika 1.